Nimeshona blanketi la viraka kwa cherehani ya miguu hapa Moshi: hatua zote, na nilichojifunza kwa fundi wa darizi

MshonaRau

Habari za jioni wanajukwaa.

Niko Rau, Moshi. Manyunyu hayajakata tangu asubuhi na mlima hatujauona siku ya nne leo. Kwenye kitanda cha binti yangu kuna blanketi la viraka nililolimaliza jana usiku. Limenichukua wiki saba. Nilipoanza nilitafuta maelezo ya Kiswahili nikakosa, kwa hiyo naweka yangu kwa kirefu. Aliyepita njia hii aongeze, na nilipokosea anirekebishe.

Ninachozungumzia ni tabaka tatu. Juu kuna viraka vilivyoungwa, nauita uso. Katikati kitu cha kutunza joto, nakiita kiini. Chini shuka, naliita mgongo. Tabaka hizo hushonwa pamoja kwa mishono inayotambaa blanketi zima, na hiyo mishono ndiyo inayolifanya kuwa kitu kimoja. Bila hiyo una shuka tatu zilizolaliana.

Viraka nilivipata kwa mafundi wawili wa barabarani kwetu wanaoshona magauni ya vitenge. Jioni wanafagia vipande vya kujaza kiroba. Mmoja alinipa bure, mwingine nikampa elfu mbili akafurahi. Nikaongeza mashati ya pamba ya mitumba kutoka Kiboriloni, yale ya mistari myembamba, kwa sababu nguo nzima ya vitenge vitupu inachosha macho. Pia nilinunua yadi tatu za kaniki, kitambaa cheusi cha pamba, na yadi mbili za marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Hayo mawili nitayarudia, maana ndiyo yaliyoniokoa.

Kila kitu nilikifua kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga na kinasinyaa; ukikishona hivyo hivyo na shati lililokwisha kufuliwa mara mia, siku ya kwanza ya kufua blanketi litajivuta upande mmoja. Vyekundu na kaniki nilivifua peke yake, maji baada ya maji, mpaka yakatoka meupe. Fulana sikutumia kwa sababu zinavutika. Jinzi niliiacha kwa kuwa ni nzito kuliko wenzake. Na kipande usichokijua ni pamba au nailoni, kiguse na pasi pembeni kabla hakijaingia kwenye kazi.

Sasa kuunga. Sikuchora ramani. Sikukata miraba inayolingana. Hii ni kazi ya kubuni ukiwa umekaa kwenye cherehani: unachukua vipande viwili, unavilaza uso kwa uso, unashona ukingo mmoja, unafungua, unapiga pasi, unatazama kinachotaka kufuata. Nilianza na vidogo kabisa, vya upana wa vidole viwili, nikawa napitisha jozi moja baada ya nyingine bila kukata uzi katikati, zikatoka nyuma ya cherehani zimeshikana kama bendera za harusi. Halafu mkasi, halafu pasi, halafu jozi na jozi. Kwa siku tatu nikawa na mabamba, yaani vipande vikubwa vilivyoungwa, kama ishirini, hakuna linalolingana na jingine.

Watu wakiona hivyo hudhani hakuna kanuni. Zipo. Nakata kwa jicho, lakini akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, ni robo inchi kila mahali, bila msamaha. Ukiacha nyuzi tatu tu kitafumuka, ukiacha nusu inchi unapata vinundu mgongoni. Na kila mshono unapigwa pasi kabla haujakutana na mwingine. Hapo ndipo wengi huchoka na kuruka. Mimi niliruka mara moja, bamba likatoka limepinda kama jani la mgomba kavu, nikalifumua.

Mstari wa kupinda nao una namna yake. Laza vitambaa viwili, vyote vimetazama juu, kimoja kimepanda kidogo juu ya mwenzake. Kata vyote kwa pamoja kwa mkunjo mpole. Toa vile vipande vya ziada, vinavyobaki vinakaliana mkunjo kwa mkunjo. Vishone polepole bila pini nyingi. Mkunjo mkali usijaribu siku ya kwanza.

Bamba likiwa fupi nililiongezea ukanda. Likiwa refu nililikata, hata kama mkato ulipita katikati ya ua nililolipenda.

Kilichonisumbua zaidi ni rangi. Wiki ya tatu nilitandaza mabamba yote sebuleni, nikaona vurugu: kila kitenge kinapiga kelele na hakuna kinachosikika. Nikachukua simu nikapiga picha, nikaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Yote ilikuwa kijivu kimoja! Rangi zilikuwa nyingi lakini weusi na weupe wake ulikuwa sawa. Ndipo nikaleta kaniki na marekani. Ukanda wa kaniki upana wa kiganja, kimya, halafu bamba la kelele, halafu marekani. Macho yakapata pa kupumzikia. Tangu hapo, kabla ya kuunga mabamba mawili napiga picha kwanza.

Uso ulipotimia ulikuwa inchi 60 kwa 84, wa kufunika kitanda cha tatu na nusu kwa sita na kushuka pembeni.

Kiini: blanketi jembamba laini la mtumba, lisilo na maua ya kunyanyuka. Mgongo: shuka la pamba la mtumba, kubwa kuliko uso kwa inchi nne kila upande. Msichukue yale mashuka yaliyofumwa kwa kubana sana yanayoteleza kama hariri. Sindano inahangaika kuyatoboa.

Nikatandaza mgongo sakafuni, nikaubandika pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi ukiwa umenyooka bila kuvutwa, nikalaza kiini, nikalaza uso, nikapiga bandi kwa mkono, yaani mishono ya kushikilia kwa muda, mistari mikubwa iliyoachana upana wa kiganja, kutoka katikati kwenda nje. Magoti yaliuma siku mbili. Pini za usalama zinafaa pia, ila ninazo chache.

Kazi ya kutambaza mishono naiandika kesho. Hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue mada hii.

---

BintiPangani

Hongera sana dada. Kwetu Pangani bibi alikuwa na mfarishi, neno hilo sijalisikia miaka mingi. Wake ulikuwa na sufi ndani, umeshonwa kwa mkono. Je, mimi nikitumia sufi badala ya blanketi? Miti ipo.

Fundi_Sakina

Salamu kutoka Arusha. Nashona mwaka wa kumi na nne sasa. Vitambaa vinavyochuja rangi loweka kwenye chumvi na siki, rangi inashika. Halafu nashauri asiyezoea asijaribu kwa cherehani ya miguu, atumie ya umeme.

MshonaRau

@BintiPangani asante mpenzi. Sufi ni nzuri kwa mito. Kwenye blanketi inatembea, ukifua inajikusanya mabonge, upande mmoja mlima na mwingine bonde. Pamba mbichi nayo ni hivyo hivyo. Wanaoitumia wanalazimika kushona mistari iliyokaribiana mno ili isipate nafasi ya kutembea. Mfarishi wa bibi nadhani ulianikwa juani tu, haukuzamishwa majini?

@Fundi_Sakina shikamoo fundi. Kuhusu chumvi nitakupinga kwa heshima. Chumvi inasaidia rangi kuingia wakati wa kutia rangi, nguo ikiwa kwenye chungu cha rangi. Rangi ya ziada iliyobaki juu ya kitambaa cha dukani haifungwi na chumvi wala siki, inatolewa kwa maji. Nilijaribu vipande viwili vya kitenge chekundu kilekile: kimoja nikakiloweka kwenye chumvi usiku kucha, kingine nikakifua mara tano. Kile cha chumvi kilichafua kitambaa cheupe nilichokisugua nacho kikiwa kimelowa. Cha pili hakikuacha kitu.

Fundi_Sakina

Marahaba. Hilo la kusugua na kitambaa cheupe nitalijaribu mwenyewe. Wateja wangu wa gauni za rangi mbili wananisumbua sana kwa hilo.

---

MshonaRau

Naendelea.

Kushona tabaka tatu kwa mistari iliyonyooka kila mtu anaweza: unaacha meno ya cherehani yavute kitambaa, unakata blanketi kwa mistari, basi. Mimi nilitaka mishono inayozunguka, inayopanda na kushuka ndani ya viraka kama mtambaa wa boga, na hiyo cherehani haikupi yenyewe. Meno yanavuta mbele tu. Ili uende kulia, kushoto, nyuma na mduara, meno yasifanye kazi, na mikono yako ndiyo isogeze kitambaa chini ya sindano. Urefu wa mshono hauwekwi na mashine tena. Ukisogeza haraka mishono inakuwa mirefu, ukichelewa inakuwa midogo na kujazana.

Niliangalia video za akina mama wa Ulaya na Marekani wakifanya hivi kwa mashine za umeme za bei kubwa na futi, kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, ya aina maalumu inayorukaruka. Nikajaribu. Nikavunja sindano tatu kwa jioni moja. Chini ya kitambaa uzi ulijisokota kama kiota cha shomoro. Nikakata tamaa kwa wiki nzima, uso mzuri umekunjwa juu ya kabati.

Halafu siku moja napita mjini, kwenye baraza za mafundi, nikamwona mzee anadarizi kitambaa cha kochi. Cherehani ya miguu, nyeusi, ya zamani. Hakuna futi. Kitambaa kimebanwa kwenye duara la mbao, mikono yote miwili imeshika duara, na ua linajichora lenyewe, jani, kikonyo, jani. Nikasimama pale kama mtoto. Nilichokuwa nakitafuta kwenye simu usiku wa manane kilikuwa kinafanyika barazani, na nilikuwa nakipita kila wiki tangu nikiwa msichana!

Nikamsalimia, nikamweleza shida yangu. Akaniuliza, "Ukitoa futi, ile nondo yake unaishusha?"

Sikuwa naishusha. Nilidhani futi ikishatoka hakuna cha kushusha.

Wapendwa, shikeni hili. Kile kiwiko cha nyuma kinachonyanyua na kushusha futi kina kazi ya pili: kikiwa juu, vile visahani vinavyobana uzi vinafunguka. Uzi wa juu unatiririka bila mkazo wowote na wote unajazana chini. Ukiwa na futi, usipokuwa na futi, kishushe. Viota vyangu vyote vilitoka hapo.

Mzee alinikalisha kwenye kiti chake siku hiyo, na siku nyingine nne baadaye. Hakutaka malipo, nikawa nampelekea ndizi za kuchoma na chai. Alichonifundisha nakiandika kama ninavyokikumbuka.

Kwanza, kabla ya kuanza, geuza gurudumu kwa mkono mara moja, uvute uzi wa bobini, yaani uzi wa chini, utokee juu. Shika nyuzi zote mbili kwa vidole, shona mishono mitatu au minne midogo hapo hapo, ndipo uziachie na kukata. Ukiacha uzi wa bobini chini utashikwa na mishono ya mwanzo.

Pili, miguu isibadilike. Kwenye cherehani ya miguu hili ni gumu kuliko kwenye ya umeme, kwa sababu ukipunguza sana gurudumu linaweza kurudi nyuma, na likirudi nyuma uzi unakatika. Kwa hiyo miguu inashika mwendo mmoja, wa kati, kama mtu anayebembeleza mtoto, na mikono ndiyo inayofuata mwendo huo. Mimi nilikuwa nafanya kinyume. Kwenye kona niliogopa nikapunguza miguu, kwenye mstari mnyoofu nikavuta mikono.

"Sikiliza mlio," aliniambia. "Ukibadilika, umevuta." Na kweli. Sindano inapopindishwa na mkono unaovuta kabla haijatoka kwenye kitambaa, inagonga bamba la chuma la cherehani, unasikia tik. Nikaanza kushona nimeinamisha kichwa kusikiliza, na tangu wiki ile sijavunja sindano nyingine.

Tatu, usitazame sindano. Tazama unakokwenda, vidole viwili mbele ya sindano. Ni kama kuendesha baiskeli kwenye vumbi la Kibosho, ukitazama gurudumu la mbele utaanguka.

Meno ya cherehani: yangu haina namna ya kuyashusha. Baadhi ya mashine zina skrubu au kitufe cha kuyashusha chini ya meza yake, angalieni. Mimi nilikata kadi ngumu, nikatoboa tundu la sindano, nikaibandika juu ya meno kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Urefu wa mshono nikaupeleka sifuri. Wengine hawafuniki chochote, sifuri inawatosha, meno yanapanda na kushuka papo hapo bila kuvuta.

Sindano namba 14. Uzi imara wa polista; ule wa bei rahisi wenye manyoya ulinikatikia kila dakika. Kwa mikono nilivaa glavu nyembamba za mpira, kitambaa kinashikika bila kukibana kwa nguvu na mabega hayaumi.

---

Mama_Wawili

Dada mimi ni mgeni kabisa kwenye haya, niko Majengo hapa hapa Moshi. Nimetengeneza kipande cha kujaribia. Juu kinapendeza. Chini kwenye kila kona uzi umelala kama kope za macho. Kiwiko nimeshusha. Kosa liko wapi?

MshonaRau

@Mama_Wawili jirani! Kope zikitokea kwenye kona tu na si kwenye mistari minyoofu, mara nyingi ni mikono: unafika kwenye kona unaizungusha haraka kuliko miguu yako. Pitia kona kwa mwendo ule ule. Zikitokea kila mahali, uzi wa juu umelegea, kaza skrubu ya mkazo robo ya mzunguko, shona, geuza utazame, kaza tena. Na ukiona kinyume, yaani vidoti vya uzi wa bobini vinachungulia juu, umekaza mno, legeza. Usiguse skrubu ndogo ya kwenye kikombe cha bobini mpaka umeshindwa na ya juu.

Weka uzi wa rangi moja juu na uzi wa rangi nyingine chini wakati wa kujaribia. Utaona kosa lako wazi.

Fundi_Sakina

Kweli kabisa kuhusu rangi mbili. Nyongeza mbili kutoka kwangu.

Kudarizi bila futi kunahitaji uzoefu, sindano inaweza kukutoboa kidole, nimeona. Anayeanza na aweke vidole mbali, kila kiganja upande wake, na asiongee na mtu.

Ya pili kwa wanaonunua cherehani za umeme za mtumba: soma kibati cha nyuma kabla ya kuchomeka. Za Japani nyingi ni volti 100, za Marekani 110 hadi 120. Huku kwetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja unaunguza mota siku hiyo hiyo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma nayo ni fedha. Nimeletewa tano za namna hiyo zimekwishaungua.

MshonaRau

@Fundi_Sakina ahsante, hilo la volti sikulijua.

---

Mkibosho

Nasoma huu uzi nikiwa Marekani, nimetoka Kibosho. Mmenigusa mahali. Kuna kijiji Alabama kinaitwa Gee's Bend, mto umekizunguka pande tatu. Wanawake weusi wa pale, wajukuu na vitukuu vya watumwa wa mashamba ya pamba, wameshona mablanketi ya viraka vizazi na vizazi kwa namna hii hii anayoieleza dada: bila ramani, kwa vilivyopo. Mashati ya kazi, suruali za jinzi, magunia. Nyumba zilikuwa na nyufa na baridi ilikuwa kali, kwa hiyo walishona ili watoto wasife kwa baridi. Mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa Houston, kisha New York, watu wakapanga foleni. Mwaka 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Mama mmoja wa pale, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alichukua nguo za kazi za marehemu akazishona blanketi la kujifunikia. Ukiitazama picha yake, yale maeneo yaliyofifia kwenye magoti bado yanaonekana.

MshonaRau

Mkibosho, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Kwenye blanketi la binti yangu kuna kola ya shati la marehemu baba yangu. Sikuiandika kwenye maelezo ya kwanza kwa sababu nilidhani haihusu hatua za kazi. Niliiunga ikiwa nzima, haikufumuliwa, na sindano ilipata shida kupita pale. Nilizungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja.

BintiPangani

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Na mimi nina la kuongeza. Kule India, jimbo la Karnataka, wapo Wasiddi, watu ambao asili yao ni huku kwetu Afrika. Wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka yanaitwa kawandi, kwa mkono. Wao hawaungi uso kwanza. Wanaanzia kona moja ya mgongo, wanaweka kiraka, wanakipiga mishono mpaka chini, wanaongeza kingine, wanakwenda wakizunguka ukingo mpaka wanakutana katikati. Kila kona wanaweka kikunjo cha pembetatu kama ua. Bila maua hayo kwao halijavaa nguo, liko uchi.

Na kanga yenyewe tunasimuliwa ilianza kwa kuunga leso. Wanawake wa pwani walinunua leso za mraba, wakaziunga sita, safu mbili za tatu tatu, ndipo wafanyabiashara wakaona waichape nzima. Viraka viko kwenye mizizi ya nguo yetu wenyewe.

MshonaRau

Hilo la Wasiddi kuanzia kona limenifungua akili. Mimi nimeanzia katikati kwenda nje kwa sababu mikunjo inasukumwa itokee ukingoni. Wao wanawezaje bila tumbo kujaa katikati?

BintiPangani

Kiraka kinawekwa kimoja kimoja na kinashonwa papo hapo mpaka chini, kwa hiyo hakuna uso mzima wa kusukumwa. Hakuna ziada ya kukusanyika.

---

MshonaRau

Nimeulizwa inboksi kuhusu ukingo na muda, namalizia.

Kutambaza mishono kulinichukua wiki mbili, saa moja na nusu kila usiku baada ya watoto kulala. Zaidi ya hapo mabega yanakaza na mishono inaharibika. Siku niliyozidisha nililinganisha mishono ya saa ya kwanza na ya saa ya tatu, tofauti ilionekana hata kwa mtu asiyeshona. Uzito wa blanketi ni tatizo kubwa kuliko mchoro. Likining'inia pembeni ya meza linavuta, na mkono hauwezi kushindana nalo. Nilisogeza meza ya chakula ikagusana na cherehani, na upande wa kushoto nikaweka ubao wa pasi. Nusu ya blanketi niliikunja kama mkeka, ikapita kwenye ile nafasi ndogo kulia kwa sindano.

Mchoro wangu ni mmoja tu, mtambao wa mawimbi usiojikata. Kabla ya kugusa kitambaa niliuchora kwenye daftari la mtoto bila kunyanyua kalamu, kurasa kumi na nane. Mkono ukishaujua kwenye karatasi unaujua kwenye kitambaa. Juu ya kaniki nilitumia uzi mweupe ili mtambao uonekane, na hapo hapo makosa yangu yote yanaonekana pia. Kwenye vitenge vyenye maua mengi mshono unazama, hauonekani. Kwa hiyo anayejifunza aanzie kwenye vitenge, kaniki aiache mwisho mkono ukiwa umetulia. Mimi nilianza na kaniki. Kona ile ya chini kulia sitaifumua, lakini sikushauri.

Nikisimama kupumzika, sindano iwe ndani ya kitambaa. Ukiinyanyua blanketi linateleza na mstari unapata kovu.

Ukingo: kanda za inchi mbili na nusu, nikaziunga kwa mshono wa mshazari ili vinundu visikutane mahali pamoja, nikazikunja katikati kwa pasi, nikashona upande wa juu kwa cherehani na futi yake, meno yakiwa wazi tena. Kisha nikageuza na kupiga upande wa chini kwa mkono. Nilitumia pindo la kanga ya zamani. Maneno yake yalikatika, kwenye kona moja limebaki neno moja tu, RIDHAA, binti yangu analisoma kila usiku.

Juzi niliifua mara ya kwanza, kwa maji baridi, beseni kubwa, bila kuikamua kwa kuisokota. Rangi haikuchuja. Imejikunyata kidogo kati ya mishono, ikawa laini kuliko ilivyokuwa. Kukauka kumechukua siku mbili kwa ubaridi huu, niliilaza juu ya kamba mbili ili uzito usivute upande mmoja.

Mama_Wawili

Kope zimekwisha! Ilikuwa mikono. Nimeweka uzi mwekundu juu na mweupe chini kama ulivyosema, nikaona pale ninapoharakisha. Nimeanza kukusanya vipande, nataka la kitanda cha tano kwa sita.

MshonaRau

Jirani, tano kwa sita kwa cherehani ya miguu halitapita vizuri kwenye ile nafasi ya kulia. Lishone kwa sehemu tatu, kila sehemu na kiini na mgongo wake, uzitambaze kila moja peke yake na uache inchi mbili za kingo bila kutambazwa. Halafu unaunga nyuso kwa cherehani, unakata viini vikutane bila kupandana, na migongo unaikunja na kuishona kwa mkono. Jumamosi mchana nipo nyumbani. Ukifika kanisani Rau nipigie, nitakuja kukuchukua, na beba kipande chako cha kujaribia.

Mama_Wawili

Nakuja. Na kiroba changu.